Mafundi wa Dover

Mwanaidi shosti, habari za Tanga, watoto hawajambo? Meseji yako ya juzi imenikaa rohoni, ile ya shemeji yako kusema kushona ni kazi ya walioshindwa shule. Nimeona nisikujibu juu juu, ngoja nikuandikie vizuri.

Unajua zile nguo walizovaa kina Armstrong mwezini mwaka 1969 zilishonwa na nani? Mafundi cherehani! Wanawake wa pale Dover, jimbo la Delaware huko Marekani, kwenye kampuni ya International Latex, ndo hao hao wa sidiria za Playtex. Mwaka 1965 walishindanishwa na kampuni mbili zilizozoea mambo ya ndege na marubani, wakazishinda, na kuna mafundi walitolewa kwenye kushona chupi za mpira za watoto wachanga wakapelekwa moja kwa moja kwenye nguo ya mwezini.

Ugumu wenyewe ni huu, kule juu hakuna hewa kwa hiyo nguo lazima ijazwe hewa, na ikishajazwa inavimba inakuwa ngumu kama tairi. Yule Mrusi Leonov, mtu wa kwanza kutoka nje ya chombo, Machi 1965, nguo ilimvimbia huko huko nje akashindwa kurudi ndani, ikabidi aitoe hewa kidogo kidogo ndo akapita, yani hewa hiyo hiyo inayomweka hai! Hawa wa Dover wao wakaweka mpira wenye mikunjo mikunjo kwenye magoti, viwiko na mabega, kama ule mrija wa soda wenye shingo, mtu anakunja goti bila kupigana na nguo.

Sasa njoo kwenye kushona. Wewe unajua bitana moja tu inavyoteleza, hawa walikuwa na tabaka 21, zingine nyembamba kama karatasi ya pipi, na mshono haukuruhusiwa kwenda pembeni hata milimita moja. Ukikosea unaanza upya. Na pini zilikuwa za kuhesabiwa, maana pini moja ikisahaulika ndani inatoboa mpira, hewa inavuja, mtu anakufa, kwa hiyo nguo zikawa zinapigwa eksirei kama mgonjwa kuangalia kama kuna pini imebaki. Mainjinia walikuwepo na michoro yao, lakini kitambaa kitavutika vipi kwenye kona, kianze kushonwa upande gani, hayo alikuwa anayajua fundi aliyekaa kwenye cherehani.

Nilivyosoma hayo nikakuona wewe na lile gauni la bibi harusi ulilolifumua mara tatu usiku kucha sababu ya bega moja.

Nikija mwezi wa nane nitakuletea picha ya wale mama wakiwa kazini, nimeshaiprinti kubwa, uibandike ukutani hapo juu ya cherehani yako. Shemeji akipita aione.

Wako,
Rehema