Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi Kuhusu Malale Kandokando ya Ziwa Viktoria

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Wilaya. Mkuu wa Shule. Walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa niaba ya Klabu ya Historia tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako na kuja kujumuika nasi. Mwaka huu tumejishughulisha na jambo moja tu, nalo ni ugonjwa wa malale kandokando ya Ziwa Viktoria enzi za ukoloni.

Mgeni Rasmi, mwaka 1901 madaktari wa misheni pale Mengo, Uganda, walianza kuona wagonjwa waliosinzia mchana kutwa, wakakonda, hatimaye wakafa. Waganda waliuita mongota. Katika miaka michache ulikadiriwa kuua watu zaidi ya 200,000, hasa Busoga na visiwani. Mwaka 1903 tume iliyoongozwa na David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, ilibaini kwamba vijidudu vyake huenezwa na mbung'o, na baadaye serikali ya Kiingereza ikawahamisha watu wa ufukweni na wa visiwa vya Sese, nao wakaacha migomba yao na makaburi ya wazee wao.

Huko huko Sese, mwaka 1906, Robert Koch, daktari Mjerumani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka uliotangulia, aliwachoma wagonjwa sindano za atoksili, dawa yenye sumu ya aseniki. Wengi walipata nafuu ya muda, lakini dozi ilipoongezwa baadhi yao wakapofuka kabisa. Tulipofika hapa klabu ilinyamaza kwa muda, kwa maana jina la daktari tunalikuta katika kila kitabu, ila la aliyepofuka hatujalikuta popote.

Kwa upande wetu, watu wa Kiziba, kaskazini mwa Bukoba, waliokwenda Uganda kutafuta kazi walirudi na ugonjwa, na Wajerumani waliotutawala wakati huo wakafungua kambi ya matibabu Kigarama. Madaktari walikuwa wachache mno, hivyo waliwategemea Waafrika waliofundishwa kupapasa tezi. Mpapasaji aliweka vidole nyuma ya shingo ya mtu, akazisogeza tezi taratibu chini ya ngozi, na akikuta tezi zimevimba kama punje za kunde alimpeleka kambini, ambako tezi ilitobolewa kwa sindano na majimaji yake kuangaliwa kwa hadubini. Sisi tunaamini kwamba bila vidole hivyo kampeni nzima isingekwenda popote, maana wapapasaji ndio waliojua nani yuko wapi, na ndio walioaminiwa, au kuogopwa, mlangoni mwa watu.

Mgeni Rasmi, tunayo maombi mawili. Tulipotembelea kituo kimoja cha afya tulionyeshwa madaftari ya zamani ya wagonjwa yakiwa sakafuni, na la chini kabisa mchwa walikuwa wamekwisha kula kurasa zake hadi katikati. Tunaomba madaftari ya aina hiyo yakusanywe na kuwekwa mahali pakavu. Tunaomba pia utupatie barua ya utambulisho ili wakati wa likizo tuwatembelee wazee ambao babu zao walipapaswa, au walipapasa wenzao, tuandike majina wanayoyakumbuka.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.