Kwa wanangu wasanii wa Mwanza: shusheni picha, ngoma ikapigwe kwingine

Wanangu wachoraji, wacheza ngoma na washairi,

Habari ya ukumbi wa sanaa mnaotundika kazi zenu nimeipata kwa mjukuu wangu, ambaye picha yake ya wachuuzi wa soko la Mwaloni imetundikwa pale mlangoni. Kaniambia ukumbi umepokea fedha za wauza silaha, waje jioni kula na kunywa chini ya kazi zenu. Kaniambia pia mmegawanyika: wengine mnasema tunyamaze, ukumbi ndio uliotulea, wengine mnataka siku hiyo mkapindue meza. Ndiyo maana nimeandika.

Hasira yenu ni ya haki. Mwaka 1994 nilikuwa nauza sato. Miili ya waliouawa Rwanda ilishuka na mto Kagera hadi ndani ya ziwa hili. Wateja wangu wakaacha samaki, na kwangu pia hatukula. Watu hutaja mapanga, na ni kweli, lakini kulikuwa na bunduki na mabomu ya mkono pia, na hivyo havifuliwi na mhunzi wa kijijini. Kuna aliyeviuza.

Silidharau jeshi. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwaka 1978, vijana wa rika langu walikwenda, na wengine hawakurudi. Nchi lazima ijilinde. Ila muuzaji ana yake. Chenji ya rada mnaikumbuka? Rada ile tuliuziwa na BAE Systems ya Uingereza kwa pauni milioni 28. Mwaka 2010 kampuni ikakiri mahakamani kwamba haikutunza ipasavyo hesabu za biashara hiyo, na baadaye ikatulipa pauni milioni 29.5, ndiyo hiyo chenji, za vitabu na madawati ya shule za msingi. Wengine wenu mlivisoma vitabu hivyo.

Wenzenu wa London yaliwakuta mwaka 2018. Design Museum, jumba la makumbusho ya usanifu, ilikuwa na maonyesho ya sanaa za maandamano, na papo hapo ikaikodisha nafasi Leonardo, kampuni ya Italia inayotengeneza silaha, kwa hafla yake. Wasanii wapatao 40 wakaandika barua moja, wakataja tarehe ya kazi zao kuondolewa. Zikaondolewa, karibu theluthi ya maonyesho. Kisha wakatundika maonyesho yao wenyewe kule Brixton, mtaa mwingine wa London.

Mimi hilo la Brixton ndilo lililonigusa, kwa sababu sisi Wasukuma tunalijua. Bagika na Bagalu, makundi yetu mawili ya ngoma, wakishindana, hawapigani. Kila upande unacheza uwanja wake, na mshindi ni aliyewavuta watazamaji kutoka kwa mwenzake. Nimeona uwanja ukibaki mtupu, manju, kiongozi wa ngoma, anaimba peke yake na vumbi. Hakuna tusi linalouma kama lile.

Basi andikeni barua moja, fupi, yenye majina. Ombeni ukumbi utamke kwa maandishi fedha za nani hautazipokea tena. Wapeni siku. Asiyeweza kutia saini kwa sababu kodi ya chumba inategemea ukumbi ule, msimwite msaliti. Mwacheni abebe turubai. Mlinzi na mama wa usafi msiwaguse kwa neno baya, hawakuitwa kwenye kikao kilichoamua. Siku ikipita kimya, shusheni picha zenu mchana kweupe, kila mtu ya kwake, mhesabu na kuandikiana, asije mtu akasema mmeiba.

Na jioni ya hafla yao, ngoma ipigwe uwanja mwingine, bure, mama lishe wakaribishwe na watoto waje. Uwanja utafuteni sasa, kibali kiombwe mapema, msingoje wiki ya mwisho.

Picha zikikosa pa kukaa, stoo yangu hapa Nyakato ni kavu na haina panya. Nimeanza kuhamisha magunia ya mpunga. Mjukuu wangu ana ufunguo.

Babu yenu,
Nyakato, Mwanza