Chupa ya faji isiyotaja bakteria wake

Ndugu Mhariri,

Msomaji wenu mmoja ameandika kwamba kutia virusi bwawani ili kutibu samaki ni kuchezea moto, na kwamba atakayeumia ni mlaji. Mimi nafuga perege na kambare, na samaki niliowafukia kwa magonjwa sitaki hata kuwahesabu. Naomba nafasi nimjibu, kwa sababu hofu anayo, ila ameielekeza pasipo.

Virusi anavyovisema ni bakteriofaji, au faji kwa kifupi. Faji hana uwezo wa kuambukiza seli ya samaki wala ya binadamu. Anachokijua ni bakteria. Hujibandika juu yake, humwingizia vinasaba vyake, na bakteria huyo hubaki akiwatengeneza faji wengine mpaka anapasuka na kuwamwaga kwa makumi au mamia. Tena si wageni. Mililita moja tu ya maji ya bahari hukadiriwa kuwa na virusi kama milioni 10, na wengi wao ni faji. Ndugu yangu akienda kuogelea baharini akapaliwa na funda moja, amekwisha kunywa wengi kuliko atakaowapata kwenye mnofu wa samaki. Marekani, mamlaka ya chakula na dawa iliruhusu mwaka 2006 mchanganyiko wa faji unyunyiziwe kwenye nyama iliyo tayari kuliwa, ili kuua bakteria wa Listeria. Hapo hatuzungumzii bwawa tena, ni nyama yenyewe.

Wala si jambo la jana. Mwanasayansi Frederick Twort aliandika kuhusu viumbe hawa mwaka 1915, mwenzake Félix d'Hérelle akafuata mwaka 1917, na Tbilisi, Georgia, kuna taasisi inayoshughulika nao tangu 1923. Kwa samaki, Wajapani wametangulia. Kufikia mwaka 2000, mtafiti Toshihiro Nakai na wenzake walikuwa wameshachapisha majaribio ambayo samaki waliolishwa chakula chenye faji walipona kwa wingi kuliko wenzao.

Kwa nini sisi wafugaji tunalitupia jicho jambo hili? Kwa sababu ya antibiotiki. Samaki akiugua, cha kwanza anachoacha ni kula. Unachanganya oxytetracycline kwenye chakula, unamwaga, na wanaokuja kugombea ni wale wazima. Mgonjwa anaelea pembeni, anatazama. Chakula kisicholiwa kinazama kwenye tope pamoja na dawa yake, na kinyesi cha waliokula nacho kinabeba dawa, na huko chini bakteria wanajifunza kuizoea. Usugu unazaliwa hapo. Faji, tofauti na dawa, huongezeka palepale alipo adui yake, na adui akiisha naye hupungua.

Sasa nije kwenye kinachoninyima usingizi, ambacho msomaji wenu hakukigusa. Faji ni mchaguzi kupita kiasi. Anayemuua bakteria aitwaye Aeromonas hydrophila hamgusi bakteria mwingine, Streptococcus agalactiae. Hata ndani ya Aeromonas hydrophila peke yake, wapo wa aina fulani atakaowamaliza na wapo atakaowapita. Nililiona hili kwa macho yangu maabara. Mtaalamu alichukua kipande cha figo ya samaki wangu, akaotesha bakteria kwenye sahani mpaka wakatanda kama ukungu kwenye kioo, kisha akadondosha matone ya faji tofauti juu yake. Kesho yake baadhi ya matone yaliacha duara safi kabisa, unaona mpaka upande wa pili. Mengine hayakuacha hata doa. Wote walikuwa faji wa Aeromonas, na sahani ilikuwa moja.

Ndiyo maana nilishtuka alipokuja kwangu muuzaji na chupa ya maji meupe, akisema ni faji. Nilimuuliza wanaua bakteria gani. Akanijibu, "Wote." Faji wa namna hiyo hayupo duniani. Na lebo ya chupa haikutaja jina la bakteria hata mmoja.

Tatizo ni kwamba wafugaji tunatibu kwa macho. Tukiona wekundu kwenye mashina ya mapezi na tumbo limevimba, tunasema "vidonda" na kukimbilia chupa. Wekundu huo huletwa na bakteria zaidi ya mmoja, na mara nyingi mwanzo wake ni msongamano na upungufu wa oksijeni, ambao hakuna faji wala dawa itakayoutibu. Hata faji sahihi ana mipaka yake: jua linamuua, asidi ya tumbo la perege inamharibu akija bila kinga ndani ya chakula, na bakteria hujifunza kumkwepa. Mwaka 2007 watafiti wa Uingereza walichapisha jaribio ambalo faji hawakuwaokoa samaki aina ya samoni dhidi ya bakteria Aeromonas salmonicida. Wapo pia faji wanaojificha ndani ya bakteria bila kumuua, na hao huweza kuhamisha vinasaba vya sumu au vya usugu kutoka kwa bakteria mmoja hadi mwingine. Hao wasikaribie bwawa.

Kwa hiyo ninachowaomba wanaosimamia dawa za mifugo si kupiga marufuku. Walazimishe kila chupa iandike bakteria inayemlenga kwa jina lake kamili, idadi ya faji hai kwa mililita, joto la kuihifadhia na tarehe ya mwisho, pamoja na uthibitisho kwamba vinasaba vya faji hao vimesomwa maabara na kwamba si wale wanaojificha. Na kabla ya hayo yote, maabara zipokee sampuli za wafugaji wadogo na kutoa majibu upesi, samaki wakiwa bado wapo.

Wenzangu nao wasipeleke samaki aliyeokotwa juu ya maji akiwa ameshaoza, maana bakteria wa uozo huota haraka na kumfunika aliyeua. Pelekeni aliye hai anayeonyesha dalili, au aliyekufa punde, kwenye barafu lakini asigandishwe, na kabla hamjampa dawa yoyote.

Mfugaji wa perege na kambare