Kwa vijana mnaokabidhiwa Hiace na Canter: habari ya mguu wa kushoto

Wanangu, salaam.

Leseni mnazo, ufunguo wa tajiri mwenye gari mmeshapewa, na hesabu ya jioni inawasubiri. Kuendesha mnajua, sina haja ya kuwafundisha. Nataka tuzungumze habari ya mguu wa kushoto, maana gari nyingi za gia ya mkono zinazoingia gereji kabla ya wakati wake zimeumizwa na mguu huo kuliko barabara.

Klachi ina kazi mbili tu: kuunganisha injini na giaboksi, na kuvitenganisha. Ukiiachia yote, pleti, yaani sahani ya klachi, imebanwa, haisuguliwi. Ukiikanyaga mpaka chini, pleti imeachwa huru, haisuguliwi. Inalika pale katikati, inapoteleza juu ya flaiwili, lile gurudumu zito la injini, na kutoa joto. Sasa tazameni foleni ya Ubungo jioni: dereva yuko namba moja, mguu nusu, gari inasogea nusu mita, inasita, inasogea tena. Hapo anachoma hela ya tajiri. Subirini mwanya wa kama urefu wa gari mbili, ondokeni, achieni klachi yote, kisha simameni.

Taa ikiwa nyekundu wekeni frii, vuteni hendibreki, toeni mguu. Kuna anayeshikilia klachi chini na gia ndani akidhani amesalimika. Pleti kweli imesalimika, lakini beringi ya klachi inazunguka chini ya mzigo muda wote huo. Ikianza kulia mluzi unapokanyaga na kunyamaza unapoachia, ndiyo hiyo inakwenda. Kuibadilisha ni mpaka giaboksi ishushwe, na kwa sababu kazi kubwa ni kushusha, fundi anayejua kazi atawashauri mbadilishe pleti, presha pleti na beringi kwa mkupuo mmoja.

Mkishaingiza gia, mguu urudi sakafuni, si juu ya pedeli. Uzito wa mguu uliopumzika tu unatosha kulegeza mbano, na mzigo ukiwa mkubwa pleti inaanza kuteleza bila nyie kuhisi. Halafu vueni ndala. Ndala hukunjika chini ya pedeli, klachi isifike mwisho, gia ikalia kwa meno. Chupa za maji nazo zisiwekwe chini ya kiti cha dereva; moja ikibingirika nyuma ya pedeli ya breki, hakuna ujuzi utakaokusaidia.

Kwenye mlima acheni kubalansi gari kwa klachi ili isirudi nyuma. Hendibreki ipo kwa kazi hiyo. Ivuteni, ingizeni namba moja, pandisheni resi mpaka kama mizunguko 1,500 kwa dakika, inueni klachi polepole mpaka muhisi mbele ya gari panajiinua kidogo na mlio wa injini unashuka. Hapo imeshika. Shusheni hendibreki, ongezeni mafuta, malizieni kuachia klachi. Yote hayo hayazidi sekunde chache.

Mkono usikae juu ya gia mnapotembea, kwa sababu ndani ya giaboksi kuna uma unaosukumwa na mkono huo dhidi ya kipande kinachozunguka, nao unalika. Rivasi iingizwe gari ikiwa imesimama kabisa: kanyageni klachi, hesabuni mbili tatu, ndipo muingize. Ikigoma, pitieni namba moja kwanza.

Sasa mteremko, na hapa nataka masikio yote mawili. Kuachia frii ili kubana mafuta ni ujinga unaorithishwa stendi hadi stendi. Injini inayoongozwa na kompyuta hukata mafuta yenyewe ukitoa mguu huku gia iko ndani, kwa kuwa magurudumu ndiyo yanayoizungusha. Hata Canter ya zamani, gavana ya pampu, yaani kidhibiti cha mafuta, hubana dizeli. Ukiweka frii, injini lazima inywe ili isizimike. Kwa hiyo anayeachia frii ndiye anayekula mafuta.

Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba ukiwa frii, breki zinabeba mzigo wote peke yake. Teremka mlima Kitonga kuelekea Ruaha Mbuyuni, au mlima Sekenke kuelekea Shelui, mguu uko kwenye breki mfululizo: dramu zinapata moto, mshiko unapotea. Mafuta ya breki nayo yana mpaka wake. DOT 3 mapya huvumilia angalau nyuzi 205 za Selsiasi kabla ya kuchemka. Yakishanyonya unyevu wa hewa yanaweza kushuka hadi nyuzi 140. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unakandamizika, na pedeli inazama mpaka sakafuni gari isishike. Watu watasema breki zimefeli. Zimepikwa. Yabadilisheni kila baada ya miaka miwili, hata kama yanaonekana masafi.

Gia ichaguliwe juu, kabla mteremko haujaanza. Mlima mnaoupanda kwa namba mbili, uteremkeni kwa namba mbili; mzigo ukizidi, hata moja. Breki ikanyagwe kwa nguvu mpaka mwendo upungue kama kilomita 10 kwa saa, iachiwe kabisa ipoe, ikanyagwe tena mwendo ukirudi. Egzosti breki, ile inayobana moshi ili injini ipunguze mwendo, inafanya kazi gia ikiwa ndani na klachi imeachiwa; ukiwa frii, swichi hiyo ni pambo. Mkichelewa, msiruke kutoka tano hadi mbili. Giaboksi inaweza kugoma mkabaki frii katikati ya mlima, au ikakubali na injini ikazungushwa kupita uwezo wake. Punguzeni mwendo kwa breki kwanza, mshuke gia moja moja. Na kuzima injini mteremkoni sitaki hata kusikia: hidrovaki, kile kifaa kinachoongeza nguvu ya breki, inaishiwa baada ya kukanyaga mara mbili tatu, na usukani wa pawa unakuwa jiwe.

Kabla ya safari ndefu pimeni klachi. Mahali tambarare, pasipo na mtu mbele, vuteni hendibreki, kanyageni breki, ingizeni namba tatu, achieni klachi taratibu. Injini ikizimika, klachi inashika. Ikiendelea kunguruma huku gari imesimama, pleti imeisha au imelowa mafuta ya sili iliyovuja. Jaribio moja linatosha. Kurudia ni kuiunguza. Chunguzeni pia kikopo cha mafuta ya klachi. Yakipungua, paseni mkono nyuma ya pedeli na kwenye silinda ya chini, mtakuta unyevu. Na mkiukuta, mwambieni tajiri usiku huohuo, msingoje asubuhi abiria wakiwa wameshakaa kwenye viti.

Wasalaam,
Mzee wenu wa stendi