Wauza saa, tuacheni tutoke nayo juani kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako, na ukiona nimerefusha kata tu, lakini tafadhali usikate pale pa jua maana ndipo paliponifanya niandike.

Mimi nauza spea za magari Kirinyaga Road, niko na miaka 53, na tangu daktari aniambie presha inapanda nimekuwa nakimbia. Si kukimbia kwa kina Kipchoge, wacha, ni kule kwetu watu wa mtaa, tunaamka saa kumi na moja alfajiri tunafuata Thika Road kwa barabara ya kando, Jumamosi tunaenda msitu wa Karura, na mara moja kwa mwaka tunajiandikisha mbio ndefu tupate medali na fulana ya kuringia watoto. Sasa zamu yangu ya chama ilipofika nikasema na mimi nijinunulie hizi saa za michezo, kila mtu kwa kikundi yuko nayo na mimi bado natazama Casio ya plastiki.

Nikaingia duka moja town, jina nitaliacha. Kijana akanitolea saa mbili akazilaza juu ya kioo chini ya zile taa zao nyeupe. Moja ilikuwa inang'aa hadi unataka kuilamba, rangi zimeiva, na weusi wake ni weusi wa masizi. Nyingine ilikuwa kijivu kijivu, imefifia kama gazeti lililokaa dirishani kwa kinyozi tangu Januari. Nikamuuliza hii ya pili mbona imezeeka hivi? Akacheka. "Mzee hiyo ni ya kitambo, chukua hii, ni AMOLED, inakaa na chaji siku 14." Siku 14! Nikahesabu pesa ya chama yote nikampa, hata sikuitisha discount, na mimi ni mtu wa Kirinyaga Road.

Halafu tukaenda mbio za juu ya Expressway. Wanaoijua hiyo barabara wanajua juu kule hakuna mti, hakuna kibanda, ni simiti na wewe na Mungu wako. Mapema ilikuwa sawa tu, saa inasomeka vizuri kabisa, lakini ilipofika saa nne jua limetoka lote nikiangalia mkono naona uso wangu mwenyewe. Ikabidi nakimbia huku nimefunika saa na kiganja cha mkono wa pili, kama mtu anayechungulia simu kanisani, na kwa hii miaka yangu bila miwani za kusomea mkono lazima uusukume mbali kwanza ndiyo namba zikae sawa, sasa fikiria mzee ananyoosha mkono mmoja, mwingine amekinga jua, na miguu bado inakimbia. Nikabonyeza bonyeza na kidole cha jasho mpaka nikapandisha mwangaza ukafika mwisho. Hapo nikaona kidogo. Kilomita ya 29 ikanitetemekea mkononi, betri asilimia tano, na sikufika hata kituo kingine cha maji ikazima. Nilimaliza, ndiyo, lakini kwa hiyo saa mimi bado niko kilomita 29 na kitu, na ukiuliza kikundi chetu mbio ambazo hazikuingia kwa simu hazikukimbiwa.

Nisijifanye sina makosa. Usiku ule stima ilikuwa imepotea mtaani nikatoka na chaji ya sitini hivi. Pia nilikuwa nimeweka skrini ikae imewaka wakati wote, muziki unatoka kwa saa, na GPS nimeiacha kwa ile ya kushika satelaiti kwa mawimbi ya masafa mawili, ambayo inakula betri zaidi. Lakini hakuna mtu aliniambia. Mimi niliambiwa siku 14.

Basi nikakaa chini nikasoma, maana hasira ya pesa inasomesha kuliko mwalimu. (Na Kiswahili chetu nacho, saa ni ile ya mkononi na saa ni ile ya muda, kwa hivyo za muda nitaziita masaa, wasomi wanisamehe.)

Kumbe hizo saa mbili nilizowekewa kwa kioo zinafanya kazi kinyume kabisa. AMOLED kila pikseli, yaani kila nukta ndogo ya skrini, inajiwashia taa yake yenyewe. Ndiyo maana gizani inapendeza hivyo, na ndiyo maana weusi wake ni weusi wa kweli, ile pikseli nyeusi imezimwa tu. Lakini ukitoka nje inabidi ishindane na jua, na jua si mtu wa kushindana naye, mwanga wa ofisini unaweza kuwa laksi mia tano hivi (laksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu) na mchana wa jua wazi unafika laksi 100,000. Na sisi hapa Nairobi tuko karibu kabisa na ikweta, Machi na Septemba jua linatupita utosini. Sasa ili skrini ishindane lazima iongeze mwangaza, na mwangaza hautoki mbinguni, unatoka kwa betri ndogo kama kucha ya kidole gumba.

Ile ya kijivu nayo wanaiita MIP. Yenyewe haishindani na jua, inalitumia. Mwanga unaingia unagonga nyuma unarudi kwa jicho lako, kwa hivyo jua likizidi ndiyo namba zinasomeka zaidi, na kila pikseli iko na kumbukumbu yake ndogo, ikishaandikwa 7 inakaa 7 karibu bila kusumbua betri hadi ibadilishwe iwe 8. Taa yake ya ndani unaihitaji gizani tu. Mimi nilipoelewa hapo nikacheka peke yangu dukani mpaka mteja wa shokabsoba akaniangalia vibaya, maana si hiyo ndiyo kazi ya Casio yangu? Ile F-91W imetoka 1989, betri yake kampuni inasema ni ya miaka saba, na saa sita mchana katikati ya Uhuru Highway unaisoma bila kukunja uso. Gizani ndiyo shida, taa yake ndogo inamulika kama kimulimuli mgonjwa. Nilikuwa nayo mkononi hiyo miaka yote sikuwahi kujiuliza.

Sasa hii hesabu ya siku. Chukua saa mbili za Garmin ambazo ni kama ndugu, Forerunner 255 ya 2022 ambayo ni MIP, na Forerunner 265 ya 2023 ambayo ni AMOLED. Kampuni yenyewe inasema ya kwanza inakaa mpaka siku 14 na ya pili mpaka siku 13. Ukisikia hivyo unasema ah, siku moja tu, wacha nichukue yenye rangi. Lakini uliza ya GPS, yaani inakaa muda gani ukikimbia GPS imewaka. Ya kwanza masaa 30, ya pili masaa 20. Theluthi nzima imeenda! Na hizo siku 13 ni skrini ikiwa inajizima na kuwaka ukiinua mkono, si ikiwa imewaka kutwa kucha. Sisemi 265 ni mbaya, masaa 20 ni mengi kwa mtu wa kilomita 42 hata awe mzee kama mimi, nasema muuzaji anakutajia ile namba ambayo haionyeshi tofauti na ile inayoionyesha anainyamazia. Apple nao walitoa saa ya Ultra 2 mwaka 2023, mwangaza wake unafika niti 3,000 (niti ni kipimo cha mwangaza wa skrini), hiyo hata Expressway utaisoma, na betri wanakuambia masaa 36 ya matumizi ya kawaida. Angalau wao wanasema masaa, si siku, mtu anajua anachonunua, kama bei haijamuua kwanza.

Kwa hivyo Mhariri ombi langu ni hili, na si kubwa. Wauza saa wa Nairobi waandike kwa kile kikaratasi cha bei masaa ya GPS, na kama ni AMOLED waseme ni skrini ikiwa imewaka au ikiwa inajizima. Na mteja aruhusiwe kutoka na saa nje aisome juani kabla hajalipa. Najua watasema watu watatoroka nazo, hii ni town. Lakini mwezi uliopita niliingia duka lingine nikasema kijana wangu, mimi sinunui saa ya kukimbilia chini ya balbu, akaniangalia juu chini, akamwita askari wa mlangoni. "Msindikize mzee mpaka kwa jua." Tukatoka wawili, askari amenishika kiwiko kama mshukiwa, watu wa barabara ya Luthuli wanatuangalia, na mimi nimeinua mkono nasoma. Dakika moja tu. Ile iliyokuwa imefifia ndani ikawa nyeusi kwa nyeupe kama maandishi ya ubaoni, na askari mwenyewe akainama akaisoma akasema hii ni safi. Nikainunua, ya mtumba lakini nzima, na haikunila pesa nyingi kama ile ya kwanza.

Nanyi pia Mhariri, ukurasa wenu ukiandika habari za saa msituambie tu skrini inavutia. Inavutia wapi? Sebuleni?

Kwa wale ambao tayari wako na AMOLED, na najua ni wengi maana kampuni nyingi sasa zinahamia huko, msitupe saa zenu. Kitu kilichonisaidia zaidi hata hakikuwa mwangaza, ilikuwa ni ukubwa wa namba. Mimi nilikuwa nimepanga vitu sita kwa skrini moja, pesi (dakika ngapi kwa kilomita), umbali, mapigo ya moyo, muda, sijui kalori, sijui mwinuko, kila kimoja kadogo kama maandishi ya chini kwa mkataba wa mkopo. Nikabakisha viwili, umbali na pesi, vikubwa vya kujaza uso wa saa, na ghafla hata mwangaza wa katikati ukatosha. Weka maandishi meupe juu ya weusi, hizo pikseli nyeusi hazili betri. Muziki utoke kwa simu kama lazima uubebe. Ile GPS ya masafa mawili iache kwa siku ya Karura chini ya miti ama ukikatiza katikati ya maghorofa ya town, lakini Thika Road ni wazi, GPS ya kawaida inatosha. Na jamani zimeni mameseji, mimi niko kwa magrupu matatu ya harambee na moja la kijijini, kila mtu akiandika "amina" skrini inawaka, siku ya msiba hiyo ni amina mia mbili.

Skrini ya kukaa imewaka wakati wote ndiyo ngumu kuamua. Ukiizima unategemea saa igundue umeinua mkono, na mtu akichoka mkono hauinuki vizuri, unaukata kata hewani kama unafukuza nzi na saa bado imelala. Mimi naona iwake wakati wa kukimbia peke yake na ijizime siku iliyobaki, saa nyingi ziko na hiyo setingi. Kuna dada kwa kikundi chetu, nesi wa zamu za usiku, yeye haniungi mkono hata kidogo, anasema anakimbia kabla jua halijatoka na akiwa kazini kwa wodi yenye giza AMOLED yake anaisoma bila kubonyeza kitu, na ile yangu inabidi nitafute kitufe cha taa kama mtu anayetafuta swichi kwa nyumba ya wageni. Ni kweli. Saa kumi na moja alfajiri ananicheka. Saa nne tukiwa Karura kwa ile njia ya wazi namcheka mimi.

Kitu cha mwisho, kabla sijasahau. Hizi betri za lithiamu zinazeeka, na joto linazizeesha haraka, kwa hivyo ukinunua saa ambayo masaa yake yanakutosha kwa shida leo, mwaka wa tatu hayatakutosha, na usiiache juu ya dashibodi ya gari mchana. Wapiga hesabu wa spea tunaita hiyo kununua na akiba. Uliza pia waya wa chaja unapatikana wapi, maana kampuni nyingi kila moja na waya yake na ukiupoteza hutaazima kwa jirani.

Ile ya kwanza nilimpa binti yangu. Anakimbia nusu saa jioni jua likishatua, anaichaji Jumapili kwa Jumapili, na anashangaa mimi nilikuwa nalalamikia nini.

Mzee wa Spea,
Kirinyaga Road, Nairobi