Wenye boti Kisumu, fungueni sakafu mtazame chini

Kwa Mhariri,

Mimi ni fundi wa mabomba. Kwa miaka kumi na tisa nimefunga vyoo, sinki na matangi katika nyumba za Nyalenda, Milimani na Mamboleo, na kazi hiyo ndiyo iliyonisomeshea watoto. Siku hizi wenye boti za kutembeza wageni ziwani wanatuita sisi mafundi wa nyumbani tuwarekebishie mabomba, nasi tunakwenda na mazoea yetu ya nyumbani. Mazoea hayo yataua mtu. Nasema hivyo kwa sababu nusura yaue mikononi mwangu.

Boti yenyewe ni ya faiba, urefu wa mita nane, ina chumba kidogo cha kulala, sinki, bafu la kusimama na choo. Maji ya kunywa na ya kuoga yako katika tangi la lita 100 chini ya kitanda, na pampu ya betri ya volti 12 ndiyo inayoyasukuma. Pampu ya aina hii hujiwasha presha ikishuka na kujizima presha ikipanda. Mwenye boti, mama mmoja wa Mbita, alinieleza shida yake kwa maneno machache: "Fundi, usiku tunafunga mifereji yote, lakini pampu inalia kila baada ya nusu saa."

Pampu ikilia na hakuna aliyefungua maji, kuna kiungo kinachovuja. Hapo sikukosea. Nilivikausha viungo vyote kwa kitambaa, nikafunga kipande cha tishu juu ya kila kimoja, nikawasha pampu na kwenda kunywa chai. Niliporudi, tishu moja tu ilikuwa imelowa, ile ya elbo, yaani kiungo cha kona, inayotoka kwenye pampu. Njia hii nawaachia mafundi wenzangu, maana tone dogo halionekani kwa tochi lakini tishu hailifichi.

Nilipokosea ni kwenye dawa yake. Nilikwenda mjini nikanunua elbo ya PVC ya nusu inchi, kama ambazo nimefunga mamia. Iliingia mizunguko mitatu, ikawa ngumu. Nikadhani ni ugumu wa kitu kipya. Nikaitoa, nikaongeza tepu nyeupe, nikaikaza kwa spana ya paipu hadi ikaacha kudondosha. Nililipwa, nikashukuru.

Kumbe pampu ile ilitengenezwa Marekani. Thredi, yaani yale meno ya kuzungusha ya mabomba, za Marekani hukatwa kwa pembe ya nyuzi 60. Zetu hapa Kenya, tulizorithi kwa Waingereza, ni za nyuzi 55. Kwenye nusu inchi zote mbili zina meno 14 katika kila inchi, na ndiyo sababu zinashikana mwanzoni na kumhadaa fundi. Zikifika mbele kidogo zinaanza kupigana. Ukitumia nguvu, kile cha plastiki kinapanuka, kinakaa na msongo ndani yake, na kinangoja siku.

Siku yake ilifika tukiwa karibu na kisiwa cha Ndere. Mama alikuwa ameniomba niandamane nao ili niisikilize pampu ikiwa safarini. Tulikuwa na abiria saba, wawili wao watoto. Upepo wa mchana ukaanza, boti ikawa inapiga mawimbi, na elbo yangu ikapasuka ubavuni. Pampu ilihisi presha imeshuka, ikafanya kazi yake kwa uaminifu: ikamwaga tangi zima la maji safi chini ya sakafu.

Watu wa Pwani wana jina la sehemu hiyo ya chini kabisa ya chombo, maji yanakokusanyika. Wanaiita ngama. Sisi huku tunasema tu "huko chini", na mahali pasipo na jina hapatazamwi sana.

Nikafungua mbao, nikalala kifudifudi nikichota maji kwa kopo. Ili nisiteleze nilijishikilia kwa mkono wa kushoto kwenye mpira mmoja mnene wa kupitishia maji. Klipu yake, ukanda wa chuma unaoubana, ikabaki kiganjani mwangu. Ukanda wa klipu ulikuwa bado unang'aa, lakini skrubu ilikuwa imeliwa na kutu hadi ikawa kama unga wa kahawa. Mpira wenyewe ukawa unazunguka kwenye shingo yake, kile kipande cha bomba unachovishwa, kama pete kwenye kidole kilichokonda, na maji ya ziwa yakaanza kuchungulia pembeni. Ulikuwa mpira wa kuingizia maji ya choo, uliofungwa kwenye tundu lililotobolewa chini ya boti.

Baadaye nilipiga hesabu. Tundu la milimita 25 lililo nusu mita chini ya usawa wa maji huingiza zaidi ya lita 50 kwa dakika. Mtungi wa lita 20 unajaa kabla ya nusu dakika kwisha. Pampu ya kutoa maji kwenye ngama ya boti ile imeandikwa lita 30 hivi kwa dakika, tena ikiwa mpya na betri ikiwa imejaa.

Valvu ya kufunga tundu hilo ilikuwepo. Ilikuwa valvu ya nyumbani, ile ya gurudumu jekundu, na niliizungusha hadi gurudumu likakatika. Basi niliukumbatia mpira ule kwa mikono miwili, nikiusukuma shingoni mwake, huku nahodha akikata blada ya baiskeli na kuufunga mizunguko kama anayefunga jeraha. Mtoto mmoja alikuwa amekaa juu yangu anauliza kama samaki wataingia. Tulirudi Dunga polepole, na muda wote nilikuwa nimelala pale chini, mkono juu ya blada.

Tangu siku hiyo nimejifunza upya kazi niliyodhani naijua. Bomba la nyumbani limejengewa ukutani na halisogei. La boti linatikiswa na injini na kupigwa na mawimbi kila saa, kwa hiyo kiungo kisibebeshwe uzito wa paipu. Paipu ishikiliwe kwenye mwili wa boti, na mahali inapokutana na pampu pawe na kipande cha mpira laini. Nati inayobana kwa washa, kile kipete laini cha ndani, haitaki tepu kabisa. Ukiiwekea tepu unaiinua washa isikae. Na silikoni ya kupaka juu ya uvujaji ni kujidanganya, kwa sababu presha inatoka ndani na itaibandua.

Valvu ya chini ya boti iwe ya mpini, ya robo mzunguko. Mpini ukilala na paipu, iko wazi. Ukikingama, imefungwa, hata gizani utajua kwa kupapasa. Lile gurudumu jekundu lina sura moja likiwa wazi na likiwa limefungwa. Mpini huo uchezeshwe kila mwezi, usije ukagoma siku ya haja.

Klipu ziwe mbili kwenye kila mpira ulio chini ya usawa wa maji, ikiwa shingo ni ndefu ya kutosha kuzibeba. Mimi natembea na sumaku niliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu. Naigusisha kwenye skrubu ya klipu, si kwenye ukanda tu. Skrubu ikinasa kwa nguvu, hiyo huwa ni chuma cha kawaida kilichopakwa mng'ao au chuma cha pua cha daraja la chini, naiacha dukani. Watu huniambia ziwa letu halina chumvi kama Mombasa. Kweli, lakini kutu haihitaji chumvi, maji na hewa vinaitosha. Mpira mgumu usiuchune kwa kisu hadi ukaikwaruza shingo, maana mkwaruzo huo utavuja hata ukiweka klipu tatu. Chovya ncha ya mpira mpya kwenye maji moto ya thamosi, utalainika na kuingia bila ugomvi.

Ombi langu kwa wakaguzi wanaokuja fuoni: mnahesabu majaketi ya kuokolea, na mnafanya vyema. Tafadhali amuruni pia ubao wa sakafu ufunguliwe. Shikeni kila mpira uliounganishwa na tundu la chini, mwuzungushe kwa mkono. Ukizunguka, boti hiyo isiondoke. Kamati za BMU, zile za usimamizi wa fuo, nazo zinaweza kufanya hivyo asubuhi kabla ya abiria kupanda. Ni kazi ya dakika tano. Na vyuo vyetu vya kiufundi vya hapa kando ya ziwa viwafunze vijana wa mabomba thredi za nchi nyingine na valvu za majini. Mimi nilifundishwa nyumba pekee.

Boti ya yule mama sasa ina valvu mpya, klipu mbili mbili, na adapta sahihi kwenye pampu. Kando ya kila tundu nimefunga kwa kamba kizibo cha mbao laini ya saiprasi, kilichochongwa kwa umbo la karoti, cha kugongomelewa mpira ukichomoka. Mbao ikilowa inavimba na kubana zaidi. Vizibo hivyo nachonga mwenyewe. Anayevihitaji anikute Dunga Jumamosi asubuhi, aje na kipimo cha tundu lake. Sitozi pesa.

Fundi wa mabomba,
Nyalenda, Kisumu