Tazameni mshono wa begi la shule, si picha

Mhariri,

Shule zinapofunguliwa Januari, wazazi wengi huchagua begi la mgongoni kwa picha ya mbele na wingi wa mifuko. Picha haibebi kitu. Kinachobeba ni mikanda miwili na mishono yake minne, na ndipo mabegi yanapofia.

Kabla ya kulipa, fungua zipu na ulipindue begi, ndani kuwe nje. Tazama juu, pale mkanda unapoingia kwenye mgongo wa begi. Ukikuta umeshikwa kwa mstari mmoja tu wa cherehani kwenye kitambaa kitupu, usitegemee umalize muhula. Mshono wa maana una kipande cha turubai nyuma yake, umezungushwa mraba na kupigwa msalaba katikati. Chini, ule utepe wa kurefushia mkanda uwe umeshikwa na pembetatu ya kitambaa iliyoingia ndani ya mshono wa ubavuni. Utepe ukishonwa peke yake, nguvu yote huangukia upana wa sentimita 2.5 na uzi huanza kukatika pembeni.

Wala mishono mingi si dawa. Fundi akipitisha sindano mara kumi mahali pamoja, kitambaa huwa kama ukingo wa stempu, kikachanika kwa kufuata matundu. Hatua ya milimita 3 kati ya tundu na tundu inatosha, kwa uzi wa poliesta. Wa pamba huoza kwa jasho na mvua.

Halafu kuna begi la "atakua nalo". Chini yake lisishuke zaidi ya vidole vinne kutoka kiunoni. Likilalia makalio, mzigo huvuta mabega nyuma na mtoto huinama mbele ili asianguke. Isitoshe, begi kubwa halikosi cha kujazwa. Ushauri uliozoeleka ni mzigo usiozidi asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa mtoto: wa kilo 30 abebe kilo 3 hadi 4.5, begi lenyewe likiwemo. Kaunta buku ya kwaya (quire) tatu ina kama nusu kilo. Weka sita, chupa ya maji ya lita moja na begi la gramu 600, tayari umevuka, na chakula bado. Vizito viguse mgongo, chupa ikae ubavuni. (Begi la magurudumu? Kwenye barabara ya vumbi na ngazi za daladala, magurudumu nayo ni mzigo.)

Zipu ikiachia nyuma ya kichwa chake, kile unachokivuta kufunga na kufungua, msikimbilie kuibadilisha. Mara nyingi kichwa ndicho kimelegea: kibane kwa koleo pande zote mbili, kidogo kidogo, huku ukijaribu. Meno yakiwa yameharibika, nunua mpya: namba 8 kwa mfuko mkuu. Namba 5 ni ya mfuko wa mbele, wa kalamu.

Fundi mabegi,
Morogoro